Muuaji wa Croydon Hakuwa Mtu: Miaka 2,000 ya Vita vya Sungura na Mbweha

Wadau, hii stori iliwatikisa watu wa London miaka mitatu mfululizo, na mpaka leo ukiwagusia baadhi yao wanakukatalia katakata.

Mwishoni mwa 2015, huko Croydon kusini mwa jiji, watu walianza kuogopa kufungua mlango wa nyuma asubuhi. Mtu anatoka na kikombe chake cha chai, anamkuta paka wake kwenye majani, hana kichwa. Mwingine anakuta mkia tu. Na siyo paka peke yao, sungura wa kufugwa nao walitajwa kwenye zile ripoti. Kilichowachanganya zaidi ni vile jeraha lilivyoonekana safi, kama limepitiwa na kisu, halafu damu yenyewe hakuna ya maana. Magazeti hayakulaza damu. Yakampa mhusika jina la "muuaji wa paka wa Croydon", na kesi zilipoanza kusikika mbali na Croydon wakampandisha cheo, akawa muuaji wa M25, ile barabara kubwa inayoizunguka London.

Huyo mtu hakuna aliyemkamata, hakuna aliyemjua jina, lakini kila mtu alikuwa na picha yake kichwani. Anachukia wanyama. Anatembea usiku. Leo paka, kesho mtoto wa mtu. Unajua mitandao ikishashika jambo.

Polisi wa Metropolitan wakafungua uchunguzi wakauita Operation Takahe. Zilitumika saa zaidi ya 2,000 za kazi na paundi zaidi ya 130,000, kesi zilizoripotiwa zikapita 400. Septemba 2018 wakafunga jalada. Hakuna ushahidi wa binadamu, walisema. Paka wale, kwa maelezo yao, wengi waligongwa na magari, kisha mbweha wakapita usiku wakajihudumia. Kwenye kesi tatu kamera za CCTV zilimnasa mbweha akiwa amebeba mwili wa paka au kipande chake. Mwaka 2021 wataalamu wa Royal Veterinary College wakatoa utafiti wa mizoga 32 ya paka, na vinasaba vya mbweha vikakutwa kwenye yote 32. Meno ya nyuma ya mbweha yanapishana kama mkasi. Kwa macho ya mtu aliyeamka na majonzi, jeraha lake linafanana kabisa na la kisu.

Kwa paka kesi ikaishia hapo. Ila mimi nilibaki nawaza kuhusu sungura. Paka wa mjini anazurura, anaweza kugongwa na gari. Sungura aliye kwenye banda hagongwi na gari. Huyo mbweha anamfuata akiwa mzima, palepale alipofungiwa na mtu anayempenda. Sasa inakuwaje, kwenye nchi iliyofuga sungura kwa karne nane, watu washindwe kumzuia mnyama mwenye uzito wa kilo sita au saba?

Jibu lipo kwenye historia, na historia yenyewe ni tamu, kwa hiyo vuta kiti.

Tuanzie Roma. Kuna mzee mmoja, Marcus Terentius Varro, mwaka 37 kabla ya Kristo, akiwa na miaka 80, aliandika kitabu cha kilimo na ufugaji. Ndani yake kuna maelezo ya uwanja wa kufugia sungura na sungura-mwitu. Anasema ukuta upigwe lipu ili paka na wanyama jamii ya kicheche wasiingie, na uwe mrefu ili mbwa mwitu asiruke. Ndani kuwe na vichaka wanyama wajifiche mchana, na miti yenye matawi yaliyotanda ili tai akishuka akwame. Mbweha hakumtaja hapo, lakini angalia alivyofikiria: pembeni, chini na juu. Mzee hakuanza na swali la "nimzuieje sungura asitoroke." Alianza na orodha ya maadui.

Ukilielewa hilo, mengine yote yatakaa sawa.

Uingereza sasa. Sungura si mwenyeji wa kule, asili yake ni Hispania na Ureno. Wanormani ndio waliomleta, na kufikia karne ya 12 alikuwa anafugwa kwenye mashamba maalumu. Usimfikirie kama sungura wa leo wa bei poa. Alikuwa anasa. Nyama yake ilikwenda kwenye meza za wakubwa na ngozi yake ikashonewa nguo zao. Ili uruhusiwe kuwinda na kumiliki wanyama wadogo kama yeye kwenye ardhi yako ulihitaji kibali cha mfalme. Na alikuwa legelege, baridi na udongo mgumu vilimshinda, kwa hiyo watu wakamjengea matuta marefu ya udongo laini ili apate pa kuchimba. Matuta hayo bado yanaonekana sehemu nyingi, yana umbo la mto wa kulalia.

Mali ya bei kali haiachwi bila mlinzi. Kila shamba kubwa la sungura lilikuwa na mtu wake, kazi yake usiku na mchana ni sungura tu. Huko Thetford, Norfolk, bado imesimama nyumba ya mawe ya ghorofa iliyojengwa karibu mwaka 1400 na mkuu wa watawa wa pale kwa ajili ya mlinzi wa sungura. Kuta zake nene kama za ngome, kwa sababu wezi wa sungura walikuja na silaha. Kwenye nyika za Dartmoor walinzi walijenga mitego ya mawe: vikuta vifupi viwili vinakutana kama herufi V, kicheche anafuata ukuta kama kawaida yake, mwishoni anaingia kwenye kijumba cha jiwe na mlango unamwangukia. Mbweha naye aliwindwa, akategwa, akachimbuliwa. Na mashamba mengi yalizungushiwa tuta lililopandwa vichaka vya miiba juu.

Ila tuseme ukweli, hizo boma hazikuwa kwa ajili ya mbweha peke yake. Zilimzuia pia mwananchi mwenye njaa. Sungura wakitoka wanakula mazao ya mkulima, na mkulima akimgusa sungura ana kesi. Mwaka 1381 wakulima wa Uingereza walipoasi, watu wa mji wa St Albans waliivamia himaya ya abasia yao, na miongoni mwa mambo waliyofanya ni kumkamata sungura akiwa hai na kumfunga hadharani kwenye mti wa kuadhibia wahalifu, sokoni, mji mzima umwone. Yaani huyu aliyekuwa analindwa kuliko sisi, leo ni wetu. Kama kuna picha moja ya karne hiyo ningependa kuiona kwenye simu yangu, ni hiyo.

Miaka ikaenda. Mwaka 1566 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kulipa watu kwa kila kichwa cha mnyama mharibifu. Kichwa cha mbweha kilikuwa na dau la peni 12, kati ya yale makubwa zaidi kwenye orodha, na fedha zilitolewa na wazee wa kanisa wa eneo husika. Kwa hiyo hapo tunaelewana: sungura analindwa, mbweha anauawa.

Halafu matajiri wakabadilisha gia.

Kuanzia karne ya 18, kumkimbiza mbweha kwa farasi na mbwa kukawa ndio starehe ya wenye mashamba. Mtu anayetajwa sana hapo ni Hugo Meynell, aliyeanza kuongoza kundi la Quorn mwaka 1753 na kuleta mbwa wenye kasi zaidi. Starehe hiyo haiwezekani bila mbweha. Basi ghafla mbweha akawa naye mtu wa kulindwa. Wenye ardhi wakampandia vichaka ajifiche na azaliane. Mkulima aliyempiga risasi mbweha wake mwenyewe, kwa kuokoa kuku wake mwenyewe, alitazamwa kama msaliti. Wakipungua, waliagizwa kutoka ng'ambo na kuuzwa London kwenye soko la Leadenhall. Mbweha anauzwa sokoni ili akimbizwe! Hela ikikosa kazi ndio hivyo.

Wakati huohuo sungura alikuwa anashuka hadhi. Alishazoea hali ya hewa, akatoroka, akazaliana porini mpaka akawa kero. Bei ikaporomoka, na walinzi wa sungura wakaanza kukosa ajira. Hapo ndipo, kwa mtazamo wangu, mambo yalipoharibika, kwa sababu mlinzi alipoondoka aliondoka na maarifa yake. Nani tena anajua mbweha anapita wapi, anachimba vipi, anakuja saa ngapi?

Kilichokuja kuchukua nafasi yake ni waya.

Mwaka 1844 huko Norwich, mkoa uleule wa Norfolk wenye ile nyumba ya mlinzi, fundi na mfanyabiashara wa vyuma aitwaye Charles Barnard alitengeneza mashine ya kufuma waya. Norwich ulikuwa mji wa wafumaji nguo na yeye akachukua wazo hilohilo la ufumaji. Matokeo yake ni ule wavu wa matundu ya pembe sita ambao hata wewe unaujua, wavu wa kuku. Ni mwepesi, unakunjika, na ukawa wa bei nafuu. Kazi yake imo kwenye jina: umzuie kuku asitoke. Haukufumwa kwa ajili ya kumzuia mnyama mwenye taya na hamu.

Mwaka 1902 kitabu cha Peter Rabbit cha Beatrix Potter kikaingia sokoni, na mtoto wa mjini akampenda sungura kuliko kawaida. Potter mwenyewe alifuga sungura, mmoja wao akiitwa Benjamin Bouncer, na alikuwa anamtoa matembezi kwa kamba kama mbwa. Nikichomeka kidogo hapa: sisi sungura wetu wa hadithini hana shida na mbweha wala fisi, anawashinda wote kwa akili. Hadithi hizo za Afrika zilivuka bahari na watu waliotekwa utumwani, na Marekani ya kusini zikazaa Brer Rabbit, anayemzungusha mbweha kila siku. Zilipochapishwa na Joel Chandler Harris mwishoni mwa 1880 zikafika mpaka Uingereza. Kwa hiyo sungura mjanja ana damu yetu. Sungura wa bandani bahati mbaya hadithi hizo hajazisikia.

Kisha vita. Nyama iliwekwa kwenye mgawo mwezi Machi 1940 na mgawo wenyewe haukuisha kabisa mpaka Julai 1954. Familia zikahimizwa kufuga kuku na sungura nyuma ya nyumba. Banda likawa lile la haraka haraka: sanduku la mbao lenye miguu, upande mmoja mbao, upande mwingine wavu wa kuku, mlango unafungwa na kibao kidogo kinachozunguka kwenye msumari. Kwa sungura wa kula lilitosha. Vita ikaisha, nyama ikarudi buchani, sungura wa kitoweo akageuka kuwa zawadi ya mtoto, lakini banda likabaki lilelile. Hapo ndipo penye jibu letu. Banda la mnyama wa kupendwa limerithi umbo la sanduku la kuhifadhia kitoweo.

Na mbweha? Kati ya vita mbili za dunia London ilitanuka sana, vitongoji vikajengwa kwa nyumba zenye bustani ndefu nyuma, uzio wa mbao, na kibanda cha vifaa chenye uwazi chini. Kwa mbweha huo ni mtaa wa kifahari. Mashimo ya kulala yapo, panya wapo, mabaki ya chakula yapo. Kuanzia miaka ya 1930 akaanza kuhamia mijini kabisa, na hajaondoka. Kumuua hakusaidii sana, maana eneo likibaki wazi mwingine analichukua.

Sasa kuna jambo moja linalowaumiza watu kuliko kifo chenyewe. Mtu alikuwa na sungura wanne. Anakuta wote wamekufa, ameliwa mmoja tu. "Huyu ni mtu mwenye roho mbaya, mnyama anaua ili ale!" Aliyetupa maelezo mazuri kuhusu hilo ni Hans Kruuk, mtafiti Mholanzi ambaye wengi wanamjua kwa kazi yake ya fisi wa Serengeti na Ngorongoro. Mwaka 1972 aliandika kuhusu wanyama wanaoua kupita mahitaji yao, akiweka pamoja mbweha walioua ndege wa pwani huko Uingereza na fisi walioua swala tomi hapa kwetu usiku wa giza na mvua. Hoja yake, kwa lugha ya mtaani: mnyama akishaanza kuwinda, kinachomzima ni windo kukimbia. Kama windo haliwezi kukimbia, ile swichi haizimi. Porini sungura mmoja akikamatwa wengine wameshazama shimoni. Bandani hawana pa kuzama. Hakuna roho mbaya hapo. Ni ukuta tuliowajengea sisi.

Haya, mwenye sungura wake bustanini afanyeje? Kwa wale mliopo London, Leicester na kwingineko mnaofuga, nisikilizeni kwa makini.

Wavu wa kuku weka pembeni. Mbweha anaung'ata na kuuvuta mpaka unaachia. Kinachotakiwa ni wavu wa chuma uliochomelewa kila nyaya zinapokutana, waya wake uwe na unene wa milimita 1.6 hivi au zaidi, na matundu yasizidi sentimita 2.5. Ukipata ya sentimita 1.3 ni bora zaidi, maana panya na jamii ya kicheche nao hawapiti. Usiupige na vipini vidogo vya karatasi, utachomoka. Tumia skrubu na washa.

Juu pafunikwe. Mbweha anapanda uzio wa mita mbili kama ngazi. Chini ndiko wengi wanakosea: wanazungushia wavu vizuri halafu sakafu ni majani tupu. Weka sakafu ya vigae vya zege, au laza wavu kwa nje kama pindo la sketi, karibu nusu mita kuzunguka banda lote, uukandamize na mawe au udongo. Mbweha anaanza kuchimba palepale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta waya anajaribu tena hatua moja pembeni, anakuta waya, mwisho anachoka. Wala si sayansi mpya, walinzi wa zamani walielewa kuwa hatari inaanzia chini.

Kile kibao kwenye msumari king'oe leo. Mbweha anakisukuma kwa pua mpaka kinazunguka. Weka makomeo mawili, juu na chini ya mlango, yenye klipu au kufuli. Na usijidanganye kuwa mchana ni salama. Machi na Aprili mbweha jike anazaa, na wiki zinazofuata wazazi wanatafuta chakula hata jua likiwaka.

Halafu kuna hili ambalo linauma. Hata mbweha asipoingia, sungura anaweza kufa kwa hofu. Moyo wake haukuumbwa kukaa sentimita kumi na adui kwa nusu saa bila pa kukimbilia. Kwa hiyo ndani pawe na chumba kilichozibwa kabisa, chenye giza, kisichoonekana kutoka nje, na nafasi ya kukimbilia. Chama cha ustawi wa sungura cha Uingereza, Rabbit Welfare Association & Fund, kinapendekeza eneo la angalau mita 3 kwa 2 na kimo cha mita 1 kwa sungura wawili. Linganisha na yale mabanda ya dukani yenye picha ya mtoto anayecheka.

Wengine wameamua kuhamia ndani kabisa. Marekani mwaka 1985 Marinell Harriman alitoa kitabu kuhusu sungura wa kuishi sebuleni kama paka, na mwaka 1988 California kikaanzishwa chama cha House Rabbit Society. Sungura anafundishika kujisaidia kwenye trei, hilo wengi hawajui. Atakutafunia waya wa chaja, hilo lizoee.

Huku kwetu mbweha mwekundu wa London hayupo, tuna bweha wetu na hawana kawaida ya kuingia Sinza wala Kayole. Wafugaji wa huku wanakesha na mbwa wa jirani, paka, nguchiro, nyoka, na siafu. Siafu wakikukuta usiku hawabakishi kitu. Ndiyo maana banda la huku unalikuta limeinuliwa juu ya nguzo, na kila nguzo imesimama kwenye kopo lenye oili chafu. Angalia tu kopo lisikauke, na jani au kamba isiegemee banda, maana siafu mmoja akipata daraja anaita ukoo mzima.

Unafuga? Tuambie hapo chini banda lako liko vipi, na usiku linatembelewa na nani.